Mifuko ya Tonton Ramazani

Mwezi uliopita binamu yangu Zaituni alifika kutoka Kindu na mchele wake na magoti yake mabaya, na kabla hajakaa vizuri tukaanza kucheka. Alikuja kwa ajili ya sherehe ya Furaha, mjukuu wangu, aliyekula kiapo cha kuwa avoka, wakili. Avoka, ndiyo. Ninasema mara mbili kwa sababu ni haki yangu. Watu walikuwa mezani wanakula lituma ya ndizi na samaki, na Furaha akawa anatueleza kesi moja ya bangi aliyoifuata alipokuwa bado anajifunza kazi. Polisi walikamata pakiti, pakiti ikapita ofisi hii na ofisi ile, na siku ya hukumu hakuna aliyeweza kusema ilikaa kwa nani siku nne za katikati. Mshtakiwa akarudi kwake kulala. "Koko," Furaha akaniambia mimi bibi yake, polepole, kwa ile sauti ambayo watu waliosoma wanatumia kwa wazee kama sisi wote ni viziwi, "ushahidi unapaswa kuwa na jina la kila mkono uliougusa." Nikamtazama Zaituni. Zaituni alikuwa na samaki mdomoni, akashindwa kummeza, akaanza kukohoa huku machozi yanatoka, na mimi nikamwaga chai kwenye kitenge kipya. Furaha akanuna. Alidhani tunamcheka yeye. Basi nitaeleza, asinune tena. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka kumi na sita, mji ukiitwa bado Stanleyville, na mimi nikishona mifuko ya tribinali, yaani ya mahakama.

Kwa nini nilikaa kwa tonton wangu na si kwa mama yangu, hiyo siyo habari ya leo. Nilikaa kwa Tonton Ramazani, baba yake Zaituni, kaka wa mama yangu, na kazi yake ilikuwa kutunza depo ya tribinali moja mjini, yaani chumba cha vitu vyote vilivyokamatwa na polisi vikisubiri hukumu. Chumba kile ninakiona hata sasa. Dirisha moja lenye nondo, mapanga yamepangwa kwa urefu, baiskeli mbili zilizoibwa, mtungi wa pombe kali iliyopikwa kichakani, nyavu, kofia ya mtu aliyeuawa ambayo sikuisogelea kamwe. Na kwenye rafu ya juu, mifuko ya amerikani, kila mmoja umefungwa kwa kamba, umetiwa nta nyekundu juu ya fundo, na karatasi ndogo inaning'inia. Ndani ya mifuko hiyo ilikuwa bangi zaidi kuliko kitu kingine. Tonton alivaa koti hata kwenye joto la kuua kuku, na ufunguo wa depo ulikaa mfuko wa ndani, upande wa moyo. Mifuko ilikuwa inashonwa na mfungwa mmoja, lakini mfungwa akamaliza kifungo chake, na tonton akaona ninavyoshona mashati ya nyumbani. Akaniita kwa jina, "Safi, kuanzia leo sindano yako iko ya serikali." Nilitembea wiki nzima nikiwa nimeinua shingo kama bata.

Tonton alikuwa na maneno yake kuhusu kazi ile, na aliyaleta nyumbani kama watu wengine wanavyoleta matope kwenye viatu. "Kitu haina miguu," alikuwa anasema. "Kama imehama, iko mukono ya mutu. Mimi nataka jina ya ule mutu." Kisha maswali matatu, daima hayo matatu: Nani alikupa? Wewe ulimupa nani? Katikati ilikaa wapi? Ulikuwa huwezi kuazima mchi kwa jirani bila kuulizwa. Siku moja kichwa cha samaki, kile kikubwa cha kapitene ambacho ni haki ya baba mwenye nyumba, kilipotea kwenye sufuria kati ya jiko na meza, na tonton akafungua kesi pale pale juu ya mkeka.

"Mama Mariamu, nani alitoa sufuria kwa moto?"

"Mimi," mkewe akasema.

"Ulimupa nani?"

"Nilimupa Safi."

"Safi, katikati sufuria ilikaa wapi?"

Nikasema ilikaa mlangoni, kidogo tu, nilipokuwa natafuta kitambaa. Wote tukamgeukia Zaituni, ambaye alikuwa na miaka saba, amekaa karibu na mlango na mafuta mpaka masikioni. Tonton akatikisa kichwa kwa furaha kubwa. Hakumpiga. Alifurahi kuliko angekula kichwa chenyewe. "Munaona?" akasema. "Kesi zote ziko vile. Mutu anapotea katikati."

Jioni, kabla ya sala ya magharibi, alikuwa anakuja polisi mmoja kunywa chai kwetu, Papa Mateso, mtu mnene, mwoga wa radi na wa mke wake. Yeye ndiye aliyeleta vitu vingi kwenye depo. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikishona, na ninaweza kusema shule yangu kubwa ilikuwa lile pazia. Papa Mateso alitia sukari vijiko vitano na kulalamika. "Ramazani, weye unanichokesha. Bangi iko majani. Majani iko majani! Mutu anaona, anajua. Sasa weye unataka niandike saa, niandike njia, niandike kama nilisimama kukojoa." Na tonton: "Ulisimama?" "Nilisimama." "Bon. Na bangi ilikaa wapi?" Papa Mateso akakoroga chai yake, kisha taratibu: "Kwa mukono ya kushoto." Nilijiuma kidole nisicheke, na sindano ikaingia kwenye kingine.

Mvua za mwaka ule zilikuja kama zimetumwa. Siku tatu hazikukata. Papa Mateso alikuwa ameleta mfuko mpya siku chache kabla, wa mtu aitwaye Lokwa, aliyekuwa anakata majani kwenye uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Walimkuta na bangi kwenye kikapu cha baiskeli, ikapimwa mbele yake, ikaandikwa kwenye buku kubwa: kilo moja kasoro kidogo. Lokwa akawekwa ndani kungoja. Halafu bati la depo likatoboka juu ya rafu ile ile, na tonton alipoingia asubuhi akaukuta mfuko umelowa na unanuka kama mguu wa askari. Juji, Mzungu aliyekuwa anahukumu kesi zile, alikuwa safarini vijijini, hakuna wa kumuuliza. Mtu mwingine angeacha majani yaoze na kusema ni mvua ya Mungu. Lakini tonton alikuwa mtu wa Maniema na mtu wa usafi, hawezi kuona jani linaoza na jua liko nje. Akafungua mfuko. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akavunja nta. Jua lilipotoka akaleta yale majani nyumbani chini ya koti, akayatandaza kwenye mkeka katikati ya lupango, uani kwetu, pembeni ya mkeka wa Mama Mariamu wa sombe, majani ya muhogo, na akaniweka kwenye kibao mbele yake. "Safi, leo weye ndiyo depo. Hapana ondoka."

"Na kama nataka kwenda choo?"

"Utaandika."

Sikujua kuandika, lakini nilimwelewa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jirani yetu mwashi alikuwa amenunua gramafoni. Ilifika siku ile ile. Nilikaa kwenye kibao changu nikasikia muziki wa kwanza ukitoka nyuma ya ukuta, magitaa mawili yanaongea kama wanawake wanaosengenyana, na watu wanapiga kelele za furaha, na miguu yangu ikaanza yenyewe. Nikajiambia, sahani moja ya muziki. Kwa jirani palikuwa na watu mpaka juu ya ukuta. Mwashi alikuwa anazungusha kishikio kwa heshima kama anapandisha bendera. Nilicheza sahani ya kwanza. Nilicheza ya pili na binti wa fundi viatu. Ya tatu ndiyo iliyoniua, ilikuwa nzuri mno. Nikarudi nikitokwa jasho, nikamkuta Zaituni amesimama na vidole mdomoni, na mbuzi wa Mama Mariamu amesimama juu ya mkeka wa serikali. Zaidi ya nusu ya bangi ilikuwa imekwenda. Mbuzi alinitazama bila haraka yoyote. Akatembea hatua nne, akafika ukutani, akasimama mbele ya ule ukuta akiutazama kama mtu anayesoma tangazo. Alikaa hapo mpaka alasiri. Kuku walimpita chini ya tumbo.

Nililia kama kwenye matanga. Mama Mariamu akatoka jikoni, akaona mkeka, akaona mbuzi, akaelewa yote bila maswali matatu. Akashika kiuno. Unajua wazi, mtunza depo ambaye bangi imepungua mkononi mwake, serikali haisemi mbuzi amekula. Inasema ameuza. Tonton angeingia kwenye gereza lile lile ambalo mifuko yake ilikuwa inalijaza. "Nyamaza," Mama Mariamu akaniambia. "Unalia, watu wanakuya kuuliza. Kamata ile mukeka ingine." Akachukua sombe yake iliyokauka, jani la muhogo lina vidole, jani la bangi lina vidole, akaivunjavunja kwa viganja, akaimwaga juu ya kilichobaki, akachanganya. "Bangi iko majani, sombe iko majani. Mungu ndiye aliumba yote." Na kwa kuwa mkono wake haukujua kupakua kidogo, hata kwa mgeni asiyependwa, aliongeza, akatazama, akaongeza tena. Tonton aliporudi na sindano na nta akakuta majani makavu, mazuri, mengi. Akanisifu. Akashona mfuko mwenyewe pale pale, akaupiga muhuri, akaurudisha mbio chini ya koti. Hakuupima. Mtu aliyekuwa anapima hata chumvi ya nyumbani, siku ile hakupima, kwa sababu alikuwa na aibu ya kuvunja nta na alitaka jambo liishe. Na mimi nikala sifa yake pamoja na wali.

Nilikuwa na wiki mbili za kusema. Sikusema. Kila asubuhi niliamka nikisema leo, na kila asubuhi tonton alikuwa na koti lake na ufunguo wake upande wa moyo, anapiga mluzi. Ninamwandikia Furaha hili kwa sababu anadhani mtu anayeficha ni mtu mbaya. Siyo. Mara nyingi ni mtu anayempenda mwingine na hajui aanzie wapi.

Siku ya hukumu nilikwenda, kwa sababu ilikuwa kazi yangu kukata uzi wa mifuko mbele ya juji. Chumba kilijaa. Wanawake waliokuja kwa kesi zao za mashamba walikuwa wamekaa na watoto mgongoni. Mama Mariamu naye alikuja, akakaa nyuma kabisa, akanikazia macho kama misumari. Juji alikuwa mtu mrefu mwenye pua iliyoungua na jua, anaongea Kiswahili chake cha jikoni, lakini anaelewa chote. Lokwa alisimama, mkononi hana kitu, na mikono yake haikujua ikae wapi bila panga la majani. Nikakata uzi. Mfuko ukawekwa kwenye mizani, juji akatazama, akatazama buku, akatazama tena mizani.

"Ramazani."

"Bwana Juji."

"Hii majani ilikuwa kilo moja kasoro. Ilikuwa mbichi. Sasa iko kavu, na iko kilo moja na nusu. Kwa depo yako unaipa chakula gani? Imenenepa!"

Watu wakacheka. Tonton hakucheka. Niliona shingo yake ikiingia kwenye koti. Hapo Lokwa akaomba ruhusa ya kunusa, akachovya vidole viwili, akapeleka puani, akafungua macho makubwa. "Bwana Juji, mimi nakata majani kila siku ya Mungu. Hii iko pondu, sombe! Kuna bangi kidogo, sikatai, lakini hii ingine iko pondu, inakosa tu mafuta ya mawese!" Basi chumba kikalipuka. Mama mmoja akapaza sauti, "Mulete na samaki!" Juji akagonga meza mpaka kalamu ikaanguka.

Kisha kicheko kikaisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya. Papa Mateso alikuwa amesimama kando ya mlango, jasho linamtoka. Yeye ndiye aliyekamata, jina lake ndilo la kwanza kwenye buku. Tonton angeweza kusema polisi alileta mchanganyiko, basi, nani angekataa? Papa Mateso alilijua hilo. Alimtazama tonton kwa macho ya ng'ombe. Na tonton akasema, "Bwana Juji, Mateso alinipa bangi safi. Nta nilivunja mimi. Mufuko ulilowa, nilianika majani kwangu. Ni mimi."

"Na pondu?"

"Pondu sijui."

"Kwako ilikaa na nani? Katikati, Ramazani. Ilikaa wapi?"

Tonton akasikia swali lake mwenyewe likitoka kinywani mwa juji. Akatazama chini. Nyuma, Mama Mariamu alikuwa ananitikisia kichwa, hapana, hapana. Mimi nilikuwa bado nimeshika mkasi. Nikasikia sauti yangu ikitoka, nyembamba kama ya kifaranga: "Ilikaa na mimi, Bwana. Mimi nilikwenda kucheza gramafoni. Mbuzi akala."

"Mbuzi nani?"

"Yetu, Bwana. Ya Mama Mariamu. Ilikula bangi, ikatazama ukuta mpaka alasiri. Tukajazia sombe ili tonton asiende gereza. Yeye hakujua. Naapa."

Juji akaweka viwiko mezani, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ananilaani kwa lugha yake. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka pua ikawa nyekundu mara mbili, na alipoweza kuongea akauliza, akijifuta macho, "Na mbuzi, sasa iko namna gani?" Mama Mariamu akasimama huko nyuma, akiwa ameona kwamba hakuna tena la kuficha, akasema kwa hasira, "Iko muzuri! Inakula tu zaidi kuliko mbele!"

Lokwa aliachiwa siku ile ile. Juji alisema hawezi kumfunga mtu kwa mboga ya nyumba ya mtunza depo. Lokwa akatoka uani akicheza bila ngoma, na kesho yake akaleta kwetu mzigo mkubwa wa majani mabichi ya Simi-Simi, akauweka mbele ya mbuzi, akamwinamia kama anamsalimu chifu. Papa Mateso alikuja kunywa chai na hakutia sukari vijiko vitano bali sita, na machozi yake mawili. Mama Mariamu aliitwa na juji peke yake, akarudi akiwa mdogo, na hakusema kamwe aliambiwa nini. Tonton akanyang'anywa ufunguo. Walimrudishia mvua zilipokwisha, kwa kuwa yule aliyewekwa mahali pake alichanganya mapanga ya kesi tatu kwa wiki moja. Lakini asubuhi iliyofuata hukumu hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba anakwenda kukabidhi, na akaniambia nimfuate.

Ndani ya depo alivua koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akalitundika kwenye usukani wa baiskeli ya wizi. Akafungua buku kubwa kwenye ukurasa wa Lokwa. Juji alikuwa ameamuru yote yaandikwe jinsi yalivyokuwa, mkono kwa mkono. Tonton akaandika jina la Mateso. Akaandika lake. Akachovya kalamu, akanitazama kwa uso wa kazi.

"Jina yako?"

"Tonton, si unanijua."

"Mimi nakujua. Buku haikujui."

"Safi," nikasema.

Akaandika. Kisha chini yake akaandika mbuzi, na hapo mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, akajizuia, akashindwa, akaweka kalamu chini, na tonton wangu, aliyepoteza ufunguo wake asubuhi ile, akacheka mpaka akalazimika kukaa juu ya mtungi wa pombe. Alipotulia, nilimuuliza ni lipi kati ya yale yaliyoandikwa ambalo ni mimi. Akaweka kidole chini ya herufi nne. "Hii," akasema. "Kutoka hapa mupaka hapa." Nikaomba kalamu. Alisita, kwa kuwa ilikuwa kalamu ya serikali, halafu akanipa. Niliandika Safi pembeni kabisa ya ukurasa, S ikiwa imetazama nyuma, na wino ukadondoka, na tonton akaupulizia mpaka ukakauka kabla ya kufunga buku.